Barua kwa mwanangu: mizabibu ya kisimani usiing'oe kwanza

Reus, Katalunya
24 Oktoba

Mwanangu mpendwa Eliya,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe, mama yako na bibi yako. Mimi huku sijambo, isipokuwa magoti, ambayo yananikumbusha umri wangu tangu dada yako alipoamua kwamba mgeni asiyepanda mlima bado hajafika. Nilikuahidi kwamba ningekupigia simu kila jioni, nikashindwa, kwa kuwa niliyoyaona hayaelezeki kwa simu ya dakika tano inayokatika kila mara. Nimeona heri niyaandike. Kabla sijaendelea, lile jambo nililokuagiza siku ya kuondoka, la kung'oa mizabibu iliyobaki pale kisimani ili tupande alizeti mvua zikianza, naomba ulisitishe kwanza. Sababu utaikuta humu ndani, lakini si kwa haraka, maana hata mimi sikuipata kwa haraka.

Nchi ninayokuandikia habari zake inaitwa Priorat. Iko katika mkoa wa Tarragona, kusini mwa Katalunya, nchini Hispania, na kutoka hapa Reus anakoishi dada yako ni mwendo wa gari usiofika saa moja. Unaiacha tambarare ya pwani yenye mizeituni, unapanda kwa kona nyingi mpaka kwenye pengo la milima liitwalo Coll de la Teixeta, na ukishalipita, bahari inakuwa mgongoni na mbele yako hakuna tena mahali tambarare pa kuweka hata meza. Nilitegemea kuona mashamba ya zabibu kama yale ya kwenye kalenda, mistari ya kijani iliyonyooka hadi upeo wa macho. Badala yake niliona vilima vyeusi vilivyobanana kama makunyanzi, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko ambayo sisi wa Hombolo, kule Dodoma, tusingethubutu kuchunga hata mbuzi. Kwa kuwa ni majira ya kupukutika majani, baadhi ya mashamba yalikuwa ya manjano na mengine mekundu kama kitenge, na katikati yake milozi iliyokwisha kubaki vijiti.

Dada yako alikuwa amepanga tuanzie kwenye ghala la mvinyo, tuonje, kisha tuyatazame magofu jioni tukiwa tumechoka. Nilikataa. Nilimwambia kwamba nchi ikiitwa kwa cheo cha mtu, mgeni hupiga hodi kwanza kwa mwenye cheo. Priorat maana yake ni nchi ya priori, yaani mkuu wa monasteri ya Escaladei, ambaye kwa karne nyingi alikuwa bwana wa vijiji vingi vya hapa, mwenye kupokea kodi na sehemu ya mavuno. Basi tukaenda Escaladei.

Waliojenga pale walikuwa wamonaki wa Kikartusi, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Bruno mwaka 1084 katika milima ya Ufaransa. Walifika Katalunya katika karne ya 12, na hiyo ndiyo ilikuwa monasteri yao ya kwanza katika rasi yote ya Iberia. Masimulizi yanasema kwamba mchungaji mmoja aliwaona malaika wakipanda mbinguni kwa ngazi iliyoegemea msonobari, na ndiyo asili ya jina Scala Dei, ngazi ya Mungu. Ukisimama pale na kuinua macho kwenye kuta za mwamba wa kijivu za Montsant, zilizosimama wima nyuma ya magofu, unamwelewa yule mchungaji. Mahali penyewe panadai ngazi.

Kilichobaki ni lango, njia ndefu, matao machache na kuta zisizo na paa ambamo majani yameota. Mwaka 1835 serikali ya Hispania ilipoyafunga mashirika ya watawa na kutwaa mali zao, wamonaki waliondoka, na nyumba yao ikaporwa na kuchomwa moto. Mawe yake yalibebwa yakajengea nyumba za vijijini, hata leo ukipita vijiji vya jirani ni vigumu kujua ukuta upi ulizaliwa pale na upi ulihamia. Nilijiuliza kwanza ni watu gani wanaochoma nyumba ya sala, kisha nikazikumbuka zile kodi. Mtu ambaye wazee wake wametoa sehemu ya mavuno kizazi baada ya kizazi hazioni kuta hizo kama tunavyoziona sisi tuliolipa kiingilio mlangoni.

Makao ya mmonaki mmoja yamejengwa upya ili wageni waone maisha yalivyokuwa, na hapo ndipo ningetaka uwe nami. Si chumba, ni kinyumba kizima: pa kulala, pa kusali, pa kusoma, pa kufanyia kazi za mikono, na bustani ndogo iliyozungukwa na ukuta. Kila mmoja aliishi humo peke yake na kwa kimya, akitoka kwenda ibada kanisani na katika matembezi ya pamoja, ambayo ndiyo yaliyokuwa nafasi yao ya kuzungumza. Kando ya mlango kuna kidirisha cha kupitishia chakula kilichojengwa kwa kona ndani ya ukuta, ili anayeweka mkate asimwone anayeuchukua. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Dada yako, ambaye alikuwa amezunguka upande wa pili, akavishika vidole vyangu bila mimi kumwona, nikashtuka kama mtoto. Tulicheka sana, halafu tukanyamaza, kwa sababu mahali hapo kicheko hakidumu.

Watu hao wasiosema ndio wanaosifiwa kwa kukiimarisha kilimo cha mizabibu katika nchi hii, na ukishaona ardhi waliyoikuta, utajua kwamba subira ya Wakartusi haikuishia kwenye sala. Kwa kweli si udongo. Ni mawe meusi yaliyopasuka vipande bapa, ambayo wenyeji huyaita llicorella, yanayofanana na vile vibao vya kuandikia ambavyo bibi yako alisomea. Niliokota kipande kando ya shamba, nikakivunja kwa vidole kama biskuti iliyoota unyevu, na vimeta vyake vya mika vikabaki kwenye ncha za vidole vyangu mpaka jioni. Mahali fulani tingatinga lilikuwa limekata kilima ili kupitisha barabara, na kwenye ukuta wa mkato ule niliuona mzizi wa mzabibu umepenya katikati ya tabaka mbili za mawe, mwembamba kama kidole chako cha mwisho, ukishuka kutafuta unyevu. Niliufuata kwa macho mpaka ulipozama chini ya usawa wa barabara, kimo cha watu wawili kutoka kwenye shina, na bado ulikuwa unaendelea. Mvua za hapa ni chache kama zetu, na kiangazi chao ni kikali. Sisi tukikosa mvua tunatazama juu; mzabibu wa hapa unatazama chini.

Siku ya pili tulikwenda mlimani. Safu ya Montsant imekuwa hifadhi ya mazingira tangu mwaka 2002, na kilele chake, Roca Corbatera, kina mita 1,163, ambazo kwa urefu hazitutishi sisi wa Dodoma, kwa kuwa uani kwetu tu tumekwisha kuzikaribia au kuzipita. Kinachotisha ni namna ya kufika. Mlima huu juu ni bapa na ubavuni ni ukuta wa kokoto zilizogandamana, na njia za kuupanda, wanazoziita grau, hupita kwenye nyufa za ukuta huo. Tulianzia kijiji cha La Morera kwa njia ya Grau dels Barrots, ambayo sehemu yake mtu hupanda kwa vyuma vilivyochomekwa mwambani. Dada yako akapanda. Mimi nilivitazama vile vyuma, nikayasikiliza magoti yangu, nikakaa kwenye jiwe katikati ya vichaka vya rosemari, na sijutii, kwa kuwa kutoka pale niliona kitu ambacho aliyekuwa anashikilia vyuma hakukiona.

Niliona matuta ya ngazi. Sisi tunayajua makinga maji, lakini haya ni mambo mengine: kuta za mawe makavu, zisizo na saruji wala chokaa, zimepangwa moja juu ya nyingine kuanzia bondeni mpaka karibu na mguu wa mwamba, na nyingi hazina mzabibu hata mmoja. Misonobari na mialoni imeota juu yake. Jua la asubuhi lilipokuwa likizipiga kwa ubavu, kivuli cha kila ukuta kilijichora ndani ya msitu, nami nikatambua kwamba msitu niliokuwa nausifu tangu jana ulikuwa shamba. Kuna watu walioyabeba mawe hayo yote kwa mikono na kwa nyumbu, wakayapanga, kisha wakaondoka.

Nitakueleza walikokwenda, ila kwanza nimalize habari ya Siurana, maana mama yako ataniuliza. Ni kijiji kidogo cha mawe kilichokaa kwenye ncha ya jabali, upande wa mashariki wa Montsant, na chini yake, mbali sana, kuna bwawa lenye maji ya rangi ya kijani kibichi. Hiyo ilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu katika Katalunya, na iliangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1153. Mabaki ya ngome yapo unapoingia, na mwisho wa kijiji kuna kanisa dogo la zamani, kuta nene, madirisha membamba. Wenyeji husimulia habari za malkia wa ngome hiyo, aliyemfunga farasi wake kitambaa machoni na kuruka naye gengeni ili asitekwe. Farasi alipohisi ukingo alijizuia, na alama ya kwato ikabaki mwambani. Alama nimeonyeshwa. Ni shimo kwenye jiwe. Lakini sikucheka, kwa kuwa ukingo wenyewe ni wa kweli, na upepo uliokuwa ukivuma hapo ulinifanya nirudi nyuma hatua tatu. Katika magenge hayo hayo, siku hizi vijana kutoka kila pembe ya dunia hujining'iniza kwa kamba kwa hiari yao, jambo ambalo nimelitazama kwa muda mrefu bila kulielewa. Jioni, mezani, nilimwuliza dada yako majina ya vyakula kwa Kikatalani, nikasikia sukari ni sucre, zafarani ni safrà, na biringanya ni albergínia. Waarabu waliondoka Siurana, lakini jikoni hawakuondoka, kama ambavyo hawakuondoka katika lugha yetu.

Machimbo ya risasi ya Bellmunt, yaliyofungwa mwaka 1972 na sasa ni makumbusho, tuliyapitia kwa haraka. Unavaa kofia ngumu, unaingia kwenye mahandaki, unatoka ukiwashukuru wazee wako kwa kukufanya mkulima.

Sasa walikokwenda. Mwishoni mwa karne ya 19 kuna mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, ambaye hula mizizi ya mzabibu mpaka ukafa umesimama. Alikuwa amekwisha kuiangamiza Ufaransa, na kwa miaka michache mvinyo wa huku ulipata bei nzuri kwa sababu ya msiba wa majirani. Kisha akavuka milima akafika na huku. Dawa pekee ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ulaya kwenye mashina ya mizabibu ya Marekani ambayo mdudu haiwezi, na hilo lilimaanisha kung'oa kila kitu na kuanza upya. Wengi hawakuwa na fedha wala moyo wa kuanza upya kwenye miteremko kama hii. Walishuka kwenda viwandani, Reus na Barcelona, na misonobari ikapanda kuta walizoziacha.

Waliobaki walijaribu kushikamana. Pale Falset, mji mkuu wa wilaya hii, kuna ghala la ushirika wa wakulima lililojengwa mwaka 1919 na msanifu Cèsar Martinell, mwanafunzi wa Gaudí, yule msanifu mashuhuri wa Barcelona. Kwa nje linafanana na ngome. Ndani ni matao ya matofali yaliyopanda juu kama ya kanisa, na ndiyo maana majengo ya namna hii huitwa makanisa makuu ya mvinyo. Nilisimama humo nikawaza ushirika wetu na lile banda la mabati. Sikuona aibu kwa mabati, mwanangu, ila niliona kwamba watu hawa, wakiwa wamepigwa na mdudu na kupungua nusu, walikubaliana kwamba zabibu za maskini zinastahili paa la fahari. Hapa Reus wenyewe kuna msemo wa kale, Reus, Paris na London, kwa kuwa katika karne ya 18 bei ya pombe kali iliyokenekwa kutokana na mvinyo ilipangwa katika miji hiyo mitatu. Mkulima wa vilimani hakuwamo katika kikao hicho. Hilo sikuhitaji kufasiriwa.

Hata hivyo, mpaka miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa inaendelea kuhamwa. Mvinyo uliuzwa kwa wingi kwa bei ya chini ili kuchanganywa na wa kwingine, na vijana hawakurudi. Mwaka 1979 mtengeneza mvinyo René Barbier alinunua ardhi karibu na kijiji cha Gratallops, na baadaye wakajiunga naye wengine, miongoni mwao Álvaro Palacios, Josep Lluís Pérez, Carles Pastrana na Daphne Glorian. Mavuno yao ya mwaka 1989 waliyasindika pamoja katika ghala moja, wakayauza kwa majina tofauti, na dunia ikageuza shingo. Leo Priorat na Rioja ndizo peke yake nchini Hispania zenye daraja la juu kabisa la mvinyo. Unajua walichokikuta kilichowapa jina? Pamoja na miche mipya waliyoipanda, walikuta mizabibu mizee ya aina za garnatxa na carinyena kwenye miteremko ambayo hakuna aliyejisumbua kuing'oa.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja, nje kidogo ya Gratallops, njiani kuelekea kanisa dogo la mlimani. Alikuwa anaurekebisha waya wa umeme wa kuzuia nguruwe mwitu, ambao hula zabibu zake kama tumbili wanavyokula zetu. Dada yako alifasiri. Nilipomwambia kwamba mimi pia ni mkulima wa zabibu, Afrika Mashariki, alinitazama mikono kabla ya kunijibu, kisha akatuingiza shambani. Mashina yake ni manene kama paja, yamejipinda, magome yanabanduka kwa nyuzi ndefu, na kila moja limesimama peke yake bila nguzo. Alisema shina kama hilo huweza kutoa chini ya kilo moja ya zabibu kwa mwaka. Nikamweleza kwamba sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, akamwomba dada yako arudie, akidhani amesikia vibaya. Kisha akaniuliza zabibu yetu ni ya aina gani. Nikamwambia nyekundu, tunaiita Makutupora. Akauliza mashina yangu yana umri gani.

Nikajibu, "Yalikuwa na miaka arobaini."

Akarudia neno lile lile, kwa kuuliza: yalikuwa?

Eliya, unajua kilichotokea mwaka ule. Mnunuzi alituahidi, tukavuna, hakuja, na zabibu zikachacha kwenye makreti huku nyuki wakishangilia. Asubuhi iliyofuata nilichukua sururu nikaanza na mistari ya juu, ile aliyoipanda babu yako mwaka niliomaliza darasa la saba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ulisimama kwenye ua hukusema neno, na hukusema neno siku tatu. Nilikukasirikia kwa kimya chako. Nilisema kwamba mti usiolipa ada ya shule hauna heshima, na bado naamini kwamba ada ililazimika kulipwa. Lakini ningeweza kuuza ng'ombe mmoja. Yote haya sikumweleza yule mzee. Nilimwambia tu kwamba bei ilikuwa mbaya, naye akatikisa kichwa kama mtu anayeujua wimbo huo kwa ubeti wake wa kwanza.

Alituonjesha mvinyo wake katika bilauri za kawaida za maji. Ni mzito, mkali, kilevi chake kinafika asilimia 15, na kusema kweli bilauri moja ilinitosha. Dada yako anausifu kuliko ninavyousifu mimi. Lakini baada ya kuumeza, kinywani hubaki kitu kama harufu ya jiwe lililonyeshewa baada ya jua kali, na mimi harufu hiyo naijua, ni ya uani kwetu mvua ya kwanza ya Desemba.

Basi nakuagiza hivi. Mizabibu ya kisimani usiiguse kwa jembe wala sururu. Ihesabu shina kwa shina. Mara ya mwisho nilipata 140, lakini hiyo ilikuwa kabla ya mchwa wa mwaka jana. Yale yanayoonekana yamekauka yafunge kitambaa, usiyang'oe, mpaka niyakwangue gome nione kama kuna ubichi ndani. Kama umekwisha kununua mbegu za alizeti, zipande upande wa juu wa barabara, hazitapotea. Kupogoa tungoje mpaka nirudi, tarehe 9 Novemba, ili tupogoe pamoja, nami ningependa wewe uamue ni macho mangapi tuyaache kwenye kila tawi, kwa kuwa siku zile hukuulizwa.

Msalimie mama yako, na umwambie bibi kwamba dawa ya magoti nimeisahau mezani, asinisubiri kunisema. Kipande cha llicorella nimekifunga kwenye soksi ndani ya sanduku. Dada yako anasema uwanja wa ndege watakichukua, kwa hiyo huenda nikakihamishia mfukoni.

Ni mimi baba yako